Jiwe Lenye Jina la Mji Wetu

Mji wetu umekaa kati ya mito miwili,
Tordino huku, Vezzola kule,
na Warumi, watu wasiopenda kupoteza muda,
wakauita hivyo hivyo: Interamnia, Kati-ya-Mito.
Jina likachakaa vinywani, likabaki Teramo.
Lile la kale, zima, lisilopungua herufi,
tulilipa jiwe.

Jiwe lenyewe hatujaliona.
Tumeona nukta,
punje ya chumvi iliyosahauliwa juu ya kitambaa cheusi,
ikijikokota kati ya Mirihi na Mshtarii,
miaka mitano na ushei kumaliza mzunguko mmoja.
Ukilitua juu ya Italia,
kingo zake zingelowa bahari mbili.
Na ni jeusi. Miale mia ya jua ikilipiga
linarudisha sita, pengine saba,
zilizobaki linameza wala halishukuru.

Babu Berardo alichimba makaa Ubelgiji,
miaka kumi na mmoja chini ya ardhi ya wenyewe.
Alirudi na kikohozi, na saa ya mkononi,
na tusi moja la Kifaransa asilolitoa mbele ya watoto.
Nilipomwambia lile jiwe ni kaboni tupu
alicheka mpaka pumzi ikamkatika.
"Mnahangaika na makaa ya mbinguni?
Mngeniuliza mimi." Akajigonga kifuani.
"Haya hapa. Sijawahi kuyatua."

Tulimzika Februari.

Novemba, jiwe likapangiwa kupita mbele ya nyota
isiyo na jina, namba tu.
Tukajitawanya kutoka Ascoli mpaka Sulmona:
Ersilia wa duka la dawa,
Domizio mwoka mikate, aliyeacha unga ukiumuka peke yake,
mwalimu Quintino na thermosi mbili, moja si ya kahawa.
Mimi nilipanda dari ya nyumba ya babu, Campli,
pale ukuta ulipofungwa vyuma tangu tetemeko.

Saa nane na dakika arobaini usiku.
Mbwa wa jirani alibweka, akachoka.
Nyota ilikuwepo.
Halafu haikuwepo.
Haikufifia, haikuaga,
kama taa ya kofia kule shimoni
mtu anapopinda kona.

Babu alinifundisha: taa zikizimika, usikimbie.
Hesabu, na hesabu kwa sauti,
ili wenzako wajue nani bado yupo.
Basi nikahesabu, mtu mzima juu ya dari,
moja, mbili, tatu,
mvuke ukinitoka kinywani kwa kila namba,
na giza lile dogo kama tundu la sindano
lilikuwa na kilomita mia tatu ndani yake.

Asubuhi tulikutana kwa Domizio.
Mkate ulikuwa umeungua. Tuliula.
Ersilia wa Ascoli: sekunde ishirini na mbili.
Domizio, karibu na L'Aquila: tisa.
Quintino: wingu.
Fiorenza wa Sulmona hakutaka kusema.
Kwake nyota haikuzimika hata kupepesa.
Amesafiri, amekesha, ameganda vidole,
na amerudi mikono mitupu.

Domizio akachora mistari juu ya meza yenye unga,
mrefu, mfupi kidogo, mfupi zaidi,
kisha akashika kidole cha Fiorenza
akakiweka pale ambapo hapakuwa na mstari.
"Hapa," akasema. "Jiwe linaishia hapa.
Bila wewe lingeenda mpaka wapi?"
Fiorenza akalia, akaomba siagi.

Mimi kamera yangu iliandika kumi na tisa.
Kwa mdomo nilikuwa nimefika kumi na saba.
Ripoti imechukua namba ya kamera, na ni haki.
Lakini zile mbili,
zile nilizonyamaza bila kujua,
nazitafuta bado.
Juu ya dari, nadhani, kuna mahali nilisikia
mtu mwingine akihesabu.